Mchungaji anastaafu na historia ya kanisa haijaandikwa: jibu kwa ndugu wa Nakuru

Ndugu, Bwana asifiwe. Umesema kamati imekupa kazi ya kuandika historia ya kanisa lenu la Baptist kabla mchungaji hajastaafu, na kila unayemuuliza anakusimulia mchungaji tu: alivyokuja, alivyojenga, alivyoombea wagonjwa. Umeuliza uanzie wapi. Mimi nilipewa kazi hiyo hiyo hapa Kisumu, katika kanisa letu upande wa Manyatta, wakati mchungaji aliyetulea tangu shule ya Jumapili alipokaribia kupumzika. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili liko moyoni mwangu.

Anza na daftari la washirika na vitabu vya kumbukumbu za mikutano, kabla hujamhoji mtu yeyote. Sisi Wabaptist hatuna askofu wa kututumia mchungaji. Washirika wanakaa, wanaomba, wanapiga kura, wanamwita mtu. Wao ndio wanaopokea mshirika mpya na kupitisha bajeti, na ikibidi ndio wanaomwambia mchungaji hapana. Mtu akikaa madhabahuni miaka 30, ujue kuna watu waliomshika mkono miaka hiyo yote, na majina yao yamo vitabuni. Ukimwandika yeye peke yake utakuwa umewafuta.

Kitabu chetu cha kwanza kilipatikana kwa mama mmoja aliyekuwa mweka hazina zamani. Alikuwa amekifunga kwa leso, kimelala ndani ya sanduku la bati chini ya vyeti vya watoto wake. Kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa, lakini kikao cha kumwita mchungaji kimo chote: waliokubali, waliokataa, na wazee wawili waliotaka kungoja kwanza kwa sababu kijana mwenyewe alikuwa hajaoa. Nilipomsomea mchungaji ukurasa ule alicheka mpaka akafuta machozi. Akaniambia mmoja wa wale wazee ndiye aliyekuja kusimamia posa yake.

Mbele kidogo kuna kikao kingine. Mchungaji alikuwa ameomba pesa za harambee zinunue vyombo vya muziki. Akina mama wakasimama mmoja baada ya mwingine wakasema ploti ya jirani inauzwa, ikichukuliwa na mtu wa baa tutajuta. Kura zikapigwa, vyombo vikashindwa. Leo kwenye ploti ile kuna chekechea ya kanisa, na ukiuliza mshirika yeyote atakwambia "mchungaji alitununulia ploti". Mchungaji mwenyewe ndiye aliyesisitiza niandike ilivyokuwa.

Sasa kuhusu mwanzo. Usianze na siku aliyofika. Huku magharibi Wabaptist tulichelewa. Friends, yaani Wakweka, walikuwa Kaimosi tangu 1902, Waanglikana wa shirika la kimishonari la CMS wakaanza Maseno 1906, na mwaka huo huo Waadventista wakaingia Gendia. Wamishonari wa Southern Baptist kutoka Marekani walifika Afrika Mashariki 1956, baadhi yao wakitokea Nigeria walikokuwa wakihudumu. Kwa hiyo waliofungua makanisa yetu ya magharibi hawakuwa watu wasiojua Injili. Wengi walilelewa kwenye makanisa mengine. Daftari letu lina safu ya "ametoka kanisa gani", na safu hiyo pekee ni sura nzima ya kitabu. Mtu alinyunyiziwa maji akiwa mchanga, sasa ni mtu mzima, anaingia ziwani mbele ya majirani ili azamishwe. Nyumbani wazazi wanaona amewadharau. Wako waliokosana na baba zao kwa ajili ya ubatizo ule, na wazee hao bado wanaweza kukueleza kwa sauti zao wenyewe. Wahi kuwarekodi.

Angalia pia kazi zao. Washirika wetu wa kwanza walikuwa watu wa reli, wauza samaki wa soko la Kibuye, na wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Kicomi. Kicomi kilipofungwa, sadaka zilishuka na familia nyingi zikarudi mashambani. Ukipitia hesabu za mweka hazina unaona mshahara wa mchungaji ukilipwa nusu nusu, kisha kwa magunia ya mahindi. Alibaki. Hiyo ndiyo sifa kubwa ninayompa, kuliko jengo. Huko kwenu tazama hesabu za karibu na 2014, kiwanda cha betri cha Eveready kilipofungwa. Kama kuna washirika waliokuwa wakifanya kazi pale, itaonekana.

Wazee hawatakupa tarehe, watakupa matukio. Mama mmoja aliniambia alibatizwa "mwaka wa mahindi ya njano", basi nikajua ni ile njaa ya 1984 kuingia 1985. Mwingine alipima kwa jaribio la mapinduzi, Agosti 1982. Andika walivyosema, kisha ulinganishe na daftari.

Kuna ukurasa mmoja ambao kamati yetu ilitaka niuruke. Ni wa mwanzo wa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Kwenye safu ya "amehamia wapi", ambako siku zote kuna jina la mji au kanisa, kuna neno moja tu limerudiwa mstari baada ya mstari: amehama. Hakuna aliyeandika wapi kwa sababu hakuna aliyejua. Ni ndugu zetu Wakikuyu na baadhi ya Wakisii, watu tuliokula nao Meza ya Bwana mwezi uliotangulia. Mchungaji aliweka familia kadhaa ndani ya chumba cha nyuma ya madhabahu, usiku mashemasi wakawasindikiza hadi kituo cha polisi. Lakini wako pia washirika waliojua nani anachoma nyumba na wakanyamaza. Nikaandika yote mawili, bila majina. Wewe uko Nakuru, mji uliopokea wakimbizi mpaka wakajaa uwanja wa maonyesho, na uliomwaga damu pia. Usiruke. Waliokimbia ni washirika wenu, na huenda kitabu hiki kikawafikia huko waliko.

Mtu mwingine ameuliza kama si vibaya mchungaji kukaa muda mrefu namna hiyo. Kwa Wabaptist si jambo geni. Kuna kanisa moja la London lililoongozwa na John Gill tangu 1720 hadi 1771, kisha John Rippon tangu 1773 hadi 1836: wachungaji wawili kwa zaidi ya karne nzima. Lakini soma kilichofuata. Baada ya Rippon wachungaji walipita wakiondoka, watu wakapungua mpaka ukumbi mkubwa ukawa na viti vitupu, na hali ikabadilika 1854 walipomwita Charles Spurgeon, kijana wa miaka 19. Kwa miaka ile 18 ya katikati ni washirika wachache waliolibeba kanisa, na ni vigumu kuwapata vitabuni. Mimi nawapenda hao kuliko wahubiri. Nyinyi mnaingia kipindi kama hicho sasa, na historia unayoandika ndiyo itakayowaambia wanaobaki kwamba kanisa limewahi kujisimamia.

Jambo la ardhi ulimalize mapema. Mchungaji akikaa sana, karatasi zote huishia kwenye kabati lake. Sisi tulikuta barua ya ploti ina majina ya wadhamini watatu, wawili wameshafariki, na hakuna aliyekumbuka kuteua wengine. Ilibidi mkutano wa kanisa uchague wapya na jambo lipelekwe kwa wakili kabla mchungaji hajaondoka, maana yeye ndiye aliyewajua mashahidi. Kutafuta historia ndiko kulikotufichulia hilo.

Mchungaji mhoji mwisho, ukiwa umeshajua kilichomo vitabuni, na umuulize habari za watu: nani alikulisha ulipofika, nani alikupinga, nani ulimzika ukashindwa kuhubiri. Kisha kaa na mama mchungaji peke yake, bila haraka. Wetu alizungumza mchana kutwa huku akichambua mboga za osuga, na sura yangu ya miaka ya njaa yote imetoka kwake.

Ukimaliza rasimu isomwe kwenye mkutano wa kanisa, si kwenye kamati peke yake. Kwetu ilisomwa Jumamosi mbili, watu wakarekebisha majina ya marehemu na mahali pa ubatizo, na kijana mmoja akatambua jina la bibi yake ambaye hakujua aliwahi kuwa shemasi. Wakaipigia kura, ikapita. Ukipata kitabu cha zamani chenye mwandiko usiosomeka, weka picha ya ukurasa hapa, ila funika majina ya walio hai, nami nitakusaidia kuusoma.