Jibu: Punguzo la vitabu vya fani kwa muuzaji mdogo
Ndugu, umeuliza kwa nini mchapishaji amekupa punguzo dogo kwenye vitabu vya tiba. Ndivyo ilivyo: punguzo la vitabu vya kawaida hufika hata asilimia 40 ya bei ya rejareja, la vitabu vya kitaaluma kama hivyo mara nyingi 20 hadi 25, na usafirishaji huenda ukawa juu yako.

Mimi ningehangaika zaidi na haki ya kurudisha. Uliza kabla hujalipa: visipouzika, mchapishaji atavipokea? Ndani ya miezi mingapi? Toleo jipya likitoka, la zamani linadoda rafuni, na hapo ndipo mtaji mdogo unapozama.

Anza na nakala mojamoja. Agiza kwa ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, maana kila toleo lina yake. Vya bei kubwa, mteja atangulize malipo kwanza.