Mwenzako akizimia mita 18 chini, usisimame njiani

Ndugu umeuliza kama mzamiaji aliyezimia naye asimamishwe dakika 3 kwenye kina cha mita 5, kama wazamiaji tufanyavyo tukipanda. Hapana, mpandishe moja kwa moja. Kusimama pale ni kujikinga na maradhi ya viputo vya naitrojeni vinavyojitokeza mwilini ukipanda, na maradhi hayo yana tiba. Ubongo uliokosa oksijeni dakika chache haurudi.

Mimi naongoza wageni wanaozamia kisiwa cha Mnemba, kaskazini mashariki ya Unguja. Siku moja nikageuka kuhesabu watu, nikamwona mmoja kalala mchangani, macho wazi, regyuleta, kile kifaa cha kupumulia, imemtoka mdomoni. Nikaanza kuhangaika kuirudisha. Sekunde zile zinaniuma mpaka leo, maana asiyepumua huna namna ya kumpa hewa chini ya maji. Ukiikuta bado iko mdomoni, ishikilie hapohapo. Imeshatoka, achana nayo.

Nikampitia kwa nyuma, mkono chini ya kidevu, shingo imenyooka. Wengi huogopa mapafu yatapasuka. Kweli, kutoka mita 10 hadi juu hewa ya kifuani hutanuka mara mbili, lakini njia ya hewa ikiwa wazi inatoka yenyewe; niliviona viputo vikimtoka. Wewe ndiye usibane pumzi. Jaketi lake la kuelea nililitia hewa kidogo, langu nikalipunguza, ili mkono ukiniteleza yeye aendelee kupanda. Ukizidiwa kabisa, mfungulie mkanda wa risasi, yaani vile vyuma vizito vya kumzamisha, umwachie aende, juu kuna watu.

Tulipoibuka nikajaza jaketi lake, nikatupa risasi, nikamvua miwani, nikamziba pua na kumpulizia hewa kinywani. Boti ilikuwa karibu, nikapuliza huku tunavutwa. Ingekuwa zaidi ya dakika 5, ningempulizia dakika moja kisha niogelee tu. Kifua usikibonyeze majini, ni kazi bure.

Botini, baada ya pumzi chache, akakohoa. Asingepumua, tungeingia kwenye mibonyezo 30 ya kifua kwa pumzi 2, kwenye mbao ngumu, si juu ya godoro. Tukamwekea oksijeni. Alipoketi akasema yuko sawa, anataka hoteli. Nikakataa, nikampeleka hospitali, kwa sababu maji ya chumvi yakishaingia mapafuni hali huweza kugeuka saa kadhaa baadaye. Jioni ile akiwa wodini kifua kilianza kumbana, wakamrudishia oksijeni mpaka asubuhi.