Jibu: Vitalu vinavyotuma miche adimu ya mapambo

Ndugu, umeuliza utapata wapi kitalu kinachotuma Davidia involucrata, mti adimu wa mapambo, kwa parseli. Tafuta kwa jina hilohilo la kisayansi, maana majina ya kibiashara hubadilika kila muuzaji. Jaribu vitalu vidogo vya wapenzi wa miti adimu. Bustani za mimea nazo mara nyingi huvifahamu vitalu hivyo.

Kabla hujalipa, uliza kama mche ni wa mbegu au wa kubebeshwa, yaani kikonyo kilichounganishwa kwenye shina la mche mwingine. Hapa usikubali jibu la juujuu: Davidia wa mbegu unaweza kukaa miaka 10 na zaidi bila kuchanua, ilhali aina ya 'Sonoma', ambayo hubebeshwa, huchanua ungali mdogo.

Miche ya mizizi mitupu (isiyo na udongo) itumwe ikiwa imepukutisha majani, mizizi imefungwa na unyevu wake. Ukiagiza nje ya nchi, dai cheti cha afya ya mimea.