Jioni ya hadithi: anza na duara na kiitikio

Ndugu, umeuliza kama jioni ya hadithi itapata watu mtaani kwenu hapa Dodoma. Itapata, ila usiifanye kama mkutano. Ukipanga viti kwa mistari na kipaza sauti mbele, watu watakaa kimya wakisubiri hotuba. Kaeni duara. Msimulizi aite "Hadithi, hadithi!", wote waitike "Hadithi njoo!" Na achague hadithi yenye wimbo ndani yake, maana wimbo humvuta hata aliyesimama pembeni.

Hapa Ugogoni, nchi ya Wagogo, tuna utajiri hasa. Mpiga zeze au ilimba (chombo cha vibao vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba) mmoja tu anaweza kubeba jioni nzima. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alitoka huku huku, akapiga vyombo hivyo mpaka Ulaya wakamjua.

Tangu serikali ihamie hapa, mtaa mmoja una Mgogo, Mrangi, Msukuma na Mhaya. Kwa hiyo kisa kiwe kwa Kiswahili, lakini wimbo ubaki Kigogo. Wageni wafundishwe kiitikio kwanza. Siku nyingine Mrangi wa Kondoa naye alete wa kwao.

Msimu mzuri ni baada ya mavuno. Juni na Julai usiku una baridi na upepo, hivyo anzeni saa kumi na moja jioni, watoto wakiwa macho. Wazee waendeeni nyumbani mkawaombe mapema, ujumbe wa simu hautoshi. Na kabla ya kumrekodi bibi wa watu, mwombe ruhusa.