Jibu: Tamthilia ya Kikorea ya kumaliza wikiendi moja

Habari dada. Umesema kila Jumamosi unaanza tamthilia ya Kikorea, Jumapili usiku bado uko katikati, na Jumatatu unasinzia kazini, kwa hiyo unaomba fupi isiyo na mapenzi mengi, hata ikiwa ya nchi nyingine ya Asia. Nilikuwa hivyohivyo mpaka nilipozoea kuangalia kwanza idadi ya vipande. Nyingi za Kikorea zina vipande 16, kila kimoja saa nzima au zaidi. Hapo huwezi kumaliza bila kukesha.

Anza na Move to Heaven (2021), vipande 10 tu. Kijana mwenye usonji na baba yake mdogo aliyetoka jela wanasafisha vyumba vya marehemu, kisha wanatafuta nani apewe vitu vilivyobaki. Mimi nilitazama vitano Jumamosi, vitano Jumapili, na nililia kweli. Mapenzi ni kidogo sana humo, kama ulivyotaka.

Ukipenda mbio na hofu, chukua Kingdom: wafu wanaamka enzi za Joseon, Korea ya zamani ya wafalme. Sizoni ya kwanza (2019) ina vipande 6 lakini inakatika pabaya, kwa hiyo panga kabisa na ya pili, jumla 12.

Ukiwa umechoka, Midnight Diner: Tokyo Stories ya Kijapani. Kila kipande hakifiki nusu saa na kina kisa chake, unaacha popote.

Reply 1988 naipenda kuliko zote, ila vipande 20 virefu vile visubiri likizo. Za Kithai sijatazama za kutosha kukushauri, wenzangu waongezee.