Umri wa Majaji Kustaafu: Kwa Nini Shauri la Poland Lilifika Luxembourg?

Swali: Ndugu Wakili, ikiwa kila nchi ya Umoja wa Ulaya hujipangia mahakama zake, Mahakama ya Haki ya Umoja huo, iliyoko Luxembourg, iliingiaje katika suala la umri wa kustaafu wa majaji wa Poland? Je, bunge halina mamlaka hayo?

Jibu: Bunge linayo, ndugu msomaji, na Mahakama haikuyakana. Lakini jaji wa Poland huamua pia mashauri yanayohusu sheria za Umoja, na Ibara ya 19 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya inazitaka nchi wanachama ziwape watu njia madhubuti ya kudai haki zao mahakamani, jambo lisilowezekana mbele ya jaji asiye huru. Msimamo huo ulitamkwa Februari 2018 katika shauri la majaji wa Ureno waliopunguziwa mishahara. Wao walishindwa, ila kanuni ikabaki.

Sheria ya Poland, iliyoanza kutumika Aprili 2018, iliushusha umri wa majaji wa Mahakama ya Juu kutoka miaka 70 hadi 65, ikiwagusa hata waliokuwa tayari kazini. Aliyetaka kuendelea alipaswa kumwomba Rais wa nchi, ambaye angeweza kukataa bila kubanwa na vigezo vyovyote na bila uamuzi wake kupingwa mahakamani. Fikiria jaji mwenye jalada la kesi dhidi ya serikali mezani pake, huku ombi lake likisubiri Ikulu. Tarehe 4 Julai mwaka huo Małgorzata Gersdorf, mkuu wa Mahakama hiyo, ambaye Katiba ilimpa muhula wa miaka 6, alikwenda kazini Warsaw kama kawaida ingawa sheria hiyo ilimhesabu amestaafu, umati ukimuunga mkono nje.

Hukumu ya Luxembourg dhidi ya Poland ilitoka tarehe 24 Juni 2019, lakini naamini kilichowaokoa majaji wale ni amri ya muda ya Oktoba 2018, iliyowarudisha kazini kabla shauri halijaisha. Linganisha na Hungaria: ilishusha umri wa majaji wake kustaafu kutoka 70 hadi 62, ikashindwa Luxembourg Novemba 2012. Kufikia hapo nafasi nyingi zilikwisha kujazwa, na wengi hawakurudi kwenye vyeo vyao vya awali. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Jaji mwenyewe hawezi kuishtaki nchi yake huko. Hilo hufanywa na Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja, nayo ndiyo huomba amri ya muda. Kwa hiyo malalamiko yaifikie Tume mara sheria inapopitishwa, kabla warithi hawajaapishwa.