Usiuze kompyuta yako bado

Juzi usiku kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia: "Kaka, shikamoo. Natengeneza muziki na ndoto yangu ni kutungia gemu muziki kama wewe. Kuna mtu anauza MPC Live kwa bei nzuri. Niuze kompyuta niichukue?" Nikaanza kumjibu palepale kwenye simu, nikaona maneno hayaishi. Nimeona niyaweke hapa, maana swali hili naulizwa mara kwa mara, na jibu lake nimelilipia.

Yangu niliinunua mwaka 2019, mkononi mwa mtu, Kariakoo. Niliuza pikipiki. Nyumbani hawakuelewa kwa nini mtu mzima anaachia chombo kinacholeta hela kila siku achukue kiboksi cha kugonga kwa vidole. Mama peke yake ndiye aliyesema, "Mungu akufanyie wepesi, mwanangu." Kauli ile sijaisahau.

Kwa asiyeijua, MPC Live ni studio nzima unayoweza kuibeba kwapani. Ina pedi 16, skrini ya kugusa ya inchi 7, kumbukumbu ya gigabaiti 2 ya kupakia sauti, na betri ndani yake. Unapiga, unarekodi, unapanga, unachanganya, vyote humohumo bila kompyuta. Wazo lenyewe ni la siku nyingi: mwaka 1988 Korg walitoa kinanda cha M1 kilichokusanya sauti, ngoma na upangaji wa wimbo mahali pamoja, na mwaka huohuo Akai wakatoa MPC60, waliyoitengeneza pamoja na Roger Linn, mbunifu wa mashine za ngoma.

Na betri ile, jamani. Nakumbuka usiku mmoja Sinza, umeme umekatika, feni imesimama, jenereta la duka la jirani linanguruma, na chumba kizima mwanga ni wa pedi tu. Nilikuwa na sauti za ilimba, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, nilizozirekodi kwa mzee mmoja Dodoma kwa kinasa sauti kidogo. Nikachomeka kadi, nikazikata noti moja moja, kila moja ikakaa kwenye pedi yake. Nikaweka besi chini yake. Haikukaa. Kila ikifika noti moja, meno yananiuma. Ilinichukua mpaka saa nane usiku kuelewa kwamba ilimba ya Wagogo haifuati kinanda. Ngazi yake inafuata sauti zinazozaliwa ndani ya sauti yenyewe, na ile ya saba iko chini ya noti ya kinanda kwa senti 31 hivi, yaani karibu theluthi ya hatua kutoka noti moja ya kinanda hadi inayofuata. Niliishusha besi kwenye noti ile peke yake, nikabonyeza tena. Ikatulia kama maji ya mtungini. Kwenye kompyuta yangu ya wakati ule nisingefika hapo, ingekuwa imezima tangu saa mbili.

Kwa hiyo simkatazi mtu mashine. Namkataza asiuze kompyuta.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa gemu ya simu ya jahazi linalobeba mizigo pwani. Watengenezaji walikuwa nje ya nchi, sitawataja. Nilitunga wimbo wa dakika mbili na nusu: ilimba, kayamba, besi, ngoma mbili. Una mwanzo, una kilele, mwishoni unafifia taratibu. Nikiusikiliza nasisimka. Nikautuma, faili moja, MP3.

Baada ya siku tatu wakajibu kwamba wimbo mzuri lakini hautumiki. Ukirudi mwanzo unasikika umekatika. Tena walitaka jahazi likiwa kwenye maji matulivu ilimba icheze peke yake, upepo ukichafuka kayamba na ngoma ziingie juu yake bila wimbo kusimama. Niwatumie kila sauti faili lake.

Sikuwa nazo. Kwenye mashine yangu traki za sauti zilikuwa 8, zikajaa, nami nikawa nayeyusha: naunganisha tatu kuwa moja, nafuta za zamani, naendelea. Ndivyo mashine hizi zinavyokufundisha, umalize wimbo. Lakini gemu haihitaji wimbo uliokwisha, inahitaji vipande vinavyoweza kuishi pamoja na kuachana. Watu wa LucasArts, kampuni ya gemu ya Marekani, Michael Land na Peter McConnell, walilitengenezea jambo hili mfumo wao wa iMUSE, ulioanza kusikika mwaka 1991. Mimi nilikuwa sijalijua.

Nilijaribu kurekodi upya ndani ya wiki mbili, nikachelewa. Wakanilipa nusu, wakachukua mtu mwingine. Gemu ilipotoka nikaipakua. Pale kwenye ukurasa wa mwanzo, kabla hujabonyeza kitu, ilimba yangu inacheza. Noti zilezile. Nikafungua orodha ya majina, nikaishusha mpaka mwisho, nikairudia. Jina langu halimo. Nimeandika barua pepe mbili, hazijajibiwa mpaka leo. Bado inaniuma, sitadanganya.

Sasa nisikilizeni, wadogo zangu. Kabla ya kuanza, uliza lupu, yaani kipande kinachojirudia bila kukatika, ni ya urefu gani. Mimi napenda mapigo 96 kwa dakika, kwa sababu mizunguko 16 ya mapigo manne inatoka sekunde 40 kamili. Halafu usikate pale tu sauti inapoishia, maana mwangwi bado unaning'inia. Cheza lupu mara mbili mfululizo, toa faili la sekunde 80, kisha ukate uchukue zile 40 za pili. Mkia wa mzunguko wa kwanza utakuwa umeshaingia mwanzoni mwa wa pili, na masikio hayatasikia kiungo. Usitume MP3, kwa sababu inaongeza kimya kidogo mwanzoni na lupu inaruka. Tuma faili la aina ya WAV au OGG. Na kila sauti faili lake. Narudia, kila sauti faili lake, hata kama hawajaomba.

Haya yote nayamalizia kwenye kompyuta. Mashine ni ya kutungia, kompyuta ni ya kukatia, kupima na kuhifadhi. Ile faili uliyoifuta ili upate nafasi ndiyo watakayokuomba kesho. Nunua diski ya nje kabla hujanunua spika. Na makubaliano ya jina yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu, kabla hujatuma noti moja.

Vijana wetu tunapenda chombo kuliko kazi. Naona picha za studio zinang'aa taa za rangi, namuuliza mtu anionyeshe lupu moja iliyofungika sawasawa, hana. Tubadilike. Gemu zinatengenezwa hapahapa kwetu sasa, na wanaozitengeneza wanatafuta muziki. Wasipotupata tayari, watanunua wa bei rahisi mtandaoni, na mtoto wa Dodoma atacheza gemu ya nyumbani kwao akisikia gitaa la mbali.

Mwezi uliopita imetoka gemu ya vijana wawili wa hapa Dar niliyoifanyia muziki wote, lupu 11, kwa mashine ileile ya Kariakoo na kompyuta ya mtumba. Jina langu ni la tatu kwenye orodha. Nilimpelekea mama simu aone. Hakujua abonyeze wapi, nikamshika kidole.

Mdogo wangu wa Mwanza, marahaba. Baki na kompyuta yako. Tunga lupu ya sekunde 40, sauti nne, mafaili manne, nitumie. Nitaisikiliza yote na nitakujibu.